Moshi Ule ni wa Mkate

Hamamu ya Darb Zeitun,
9 Julai 2020

Kwa mdogo wangu Bennasser, diwani wa Baraza la Mkoa,

Amani iwe juu yako, na juu ya Zhour mkeo, na juu ya nyumba iliyowahifadhi nyote wawili katika mwaka huu mzito.

Nakuandikia kwa sababu simu haikunifaa. Kila tulipozungumza ulianza kunipa pole kabla sijasema ninachotaka, nami nikaishia kukushukuru. Barua haikatizwi maneno. Isitoshe, wanawake wanaosugua hapa hamamuni wameketi mbele yangu, wameachiana nafasi kama tulivyoamriwa, na wametaka kila sentensi isomwe kwa sauti kabla haijaingia kwenye bahasha. Basi nione kana kwamba nimesimama ukumbini kwenu, nawe umeketi kwenye kiti chako, unanisikiliza.

Tangazo la ruzuku limebandikwa kwenye ukuta wa msikiti. Baraza litawasaidia wafanyabiashara wadogo walioumizwa na janga: mwenye duka, mwenye mkahawa, fundi wa ngozi, fundi wa mbao. Nimelisoma tangu kichwa chake hadi mhuri wake, na hamamu haimo. Mlitufunga sisi mapema, mkasema mvuke na pumzi za watu ni hatari, tukatii bila kunung'unika. Iweje aliyetangulia kufungwa awe wa mwisho kukumbukwa?

Jengo hili ni la wakfu, nami ni mpangaji tu, kama walivyokuwa marehemu mume wangu na baba yetu kabla yake. Mwakilishi wa wakfu ni mtu mpole, lakini upole wake una mwisho. Ramadhani ijayo ikiingia na kodi haijalipwa, funguo zitakwenda kwa mwingine, na tayari yupo anayetaka kupageuza ghala la vigae. Hilo ndilo ninalokuomba ulizuie. Usinitumie kitu kutoka mfukoni mwako. Panueni mlango wa ruzuku ili hamamu nayo iingie.

Tuda, ambaye alikusugua ulipokuwa mtoto wa kuletwa upande wa wanawake, anasema niongeze hili: "Mwambie diwani mgongo wake bado naujua. Akitusahau, nitautangaza sokoni ulivyo."

Wote wamecheka. Sikumbuki ni lini tulicheka mara ya mwisho.

Dada yako,
Yamna

*

Makao ya Mkoa,
2 Agosti 2020

Dada yangu Yamna,

Salamu kwako, na kwa mkutano wako wote. Mwambie Tuda mgongo wangu umenenepa, hatautambua tena.

Nimepeleka hoja barazani kwamba sifa za kustahili ruzuku zipanuliwe. Nimetaka ziingie hamamu, matanuri ya mitaani na vinyozi, na zaidi ya hao, watu ambao kazi yao haina mlango wala leseni: wasuguaji, wapaka hina, wabeba mbao za mikate ya kupelekwa tanurini. Nilisema kwamba janga halikumuuliza mtu leseni kabla ya kumnyang'anya riziki. Waliitikia kwa vichwa. Lakini wewe unajua, kichwa huitikia na mkono ukabaki mapajani.

Anayenipinga ni bwana mmoja aitwaye Si Mfeddal, diwani wa upande wenu wa mto. Alisimama, akaishusha barakoa yake ili tumsikie vizuri, akasema: "Hamamu gani hiyo iliyofungwa? Nimepita Darb Zeitun mwenyewe. Moshi mweusi umetanda pale kama wa kiwanda! Au bibi mkubwa anachemsha chai ya mtaa mzima?"

Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka nao, kwa kuwa anayenuna hapa huonekana ana la kuficha.

Sasa nakuomba, dada. Nijibu ule moshi ni wa nini, na unijibu kwa maneno ninayoweza kuyarudia ukumbini. Sikuulizi zaidi ya hapo.

Zhour anakusalimu. Ana kikohozi, lakini ni cha vumbi tu.

Nduguyo,
Bennasser

*

Hamamu ya Darb Zeitun,
16 Agosti 2020

Bennasser,

Moshi ule ni wa mkate.

Tanuri la Si Qaddour limeegemeana mgongo na joko letu la kuchemshia maji tangu enzi za babu yetu, na moshi wa mioto yote miwili hutokea kwenye dohani moja. Amri ilifunga hamamu, haikufunga mikate. Watu wanakula. Si Qaddour mwenyewe, nilipomsomea maneno ya Si Mfeddal, alipiga sepetu yake chini akasema: "Mwambieni huyo mheshimiwa alete unga wake. Akikosa unga, mimi nitamwokea huo huo moshi, aende nao nyumbani akawape watoto!"

Hayo unaweza kuyarudia, ukiondoa sehemu ya Si Qaddour.

Huku kwetu habari si nzuri. Mtaa umejaa nyeupe. Ukisimama juu ya paa asubuhi na kutazama chini, utadhani watu wamesahau shuka uchochoroni, kumbe ni wajane, wanakwenda kisimani na mavazi yao ya eda. Wapo ambao eda yao imekwisha zamani nao bado wamevaa nyeupe, maana desturi unaijua: mjane akimaliza miezi yake minne na siku zake kumi, wanawake wenzake humleta hamamuni, husuguliwa, na nyeupe huivua hapa hapa mlangoni. Harudi nayo nyumbani. Sasa mlango umefungwa, watazivulia wapi?

Rqia, mke wa marehemu mwashi, alikuja kunigombeza kana kwamba amri niliitoa mimi. "Wanasema nijimwagie ndoo nyumbani, yatosha. Ndoo, Lalla Yamna! Hata kuku wa kuchinjwa huchemshiwa maji mengi kuliko hayo."

Jana nilimwona Rqia sokoni. Amevaa kahawia. Mungu humfungulia njia amtakaye.

Mpe Zhour asali na limau. Usikidharau kikohozi.

Yamna

*

Makao ya Mkoa,
29 Septemba 2020

Dada yangu Yamna,

Hoja imepita. Wasomee wenzako sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Si Mfeddal alipigana mpaka mwisho. "Mikate mchana kutwa?" aliniuliza mbele ya wote. "Darb Zeitun wana njaa ya namna gani?" Nikasimama. Nikasema: "Waheshimiwa, mimi nimezaliwa nyuma ya ukuta ule. Nimelala utotoni mwangu nikipashwa joto na ukuta ule. Nawaapia kwa kaburi la baba yangu, moshi ule ni wa mkate." Hapakuwa na aliyecheka tena. Mtu akiapa kwa kaburi mwaka huu, watu hunyamaza, kwa maana kila mmoja ana kaburi bichi.

Hamamu, matanuri na vinyozi wameingia. Lakini kuna sharti, nami nililikubali kwa kuwa bila hilo tusingepata lolote. Ofisa atakuja kulitia lakiri joko la kila hamamu iliyoomba. Kabla ya Ramadhani watakagua, siku yoyote waipendayo, bila kutoa taarifa. Lakiri ikikutwa nzima, ruzuku italipwa siku ile ile na kodi ya wakfu utaimaliza. Ikikutwa imevunjwa, jina linafutwa, na hakuna rufaa.

Kwako wewe hilo si tatizo, kwa kuwa moshi ni wa mkate.

Suala la wasuguaji litatazamwa katika kikao kingine. Wape pole zangu, na subira.

Bennasser

*

Hamamu ya Darb Zeitun,
25 Oktoba 2020

Bennasser,

Ofisa alikuja. Kijana mstaarabu, aliogopa hata kugusa komeo letu. Alipitisha uzi kwenye mlango wa joko, akaumwagia nta nyekundu, akagonga mhuri, akaniomba radhi. Tangu siku hiyo jiwe limeanza kupoa. Hukuwahi kuisikia hamamu hii ikiwa baridi. Mimi pia sikuwahi. Inatoa sauti. Chokaa inadondoka kutoka kwenye kuba la chumba cha moto, punje moja moja, na mafundi wanasema baridi ikikaza zitafuata nyufa. Kuba hili limejengwa liishi na moto. Mmeniahidi dawa kwa sharti la kwamba mgonjwa asipumue.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Niliwasomea wenzangu barua yako. Tuda akauliza, "Kikao kingine ni lini?" Nikasema sijui. Akasema yeye anajua. Shemeji yake hufagia ukumbi wenu. Hoja ya wasuguaji haikuahirishwa, Bennasser. Uliiondoa mwenyewe, kwa mkono wako, ili Si Mfeddal akubali hamamu ziingie. Uliwauza hao ukaninunua mimi.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alifunga kilemba chake akasema, "Haya basi. Ameukata mkono ili auokoe ukuta. Ukuta utamsugua akizeeka." Akaondoka. Sasa anauza nanaa kwenye ngazi za soko, yeye ambaye mikono yake imepitia migongo ya maharusi wote wa mji huu.

Nimekuwa nikikusifu mbele yao kwa miezi. Niambie sasa niwatazame kwa macho ya nani.

Usiniandikie pole. Niandikie kama ni kweli au si kweli. Mpaka nipate jibu hilo, sitakuandikia tena.

Yamna

*

Makao ya Mkoa,
24 Novemba 2020

Wifi yangu Lalla Yamna,

Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Nilimpigia jirani yako simu ili usipokee habari hii peke yako kutoka kwenye karatasi, kwa hiyo unajua tayari. Lakini nina deni la kukueleza.

Bennasser alipelekwa hospitali mwanzoni mwa mwezi. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Aligeuka akasema, "Zhour, chai usiitupe, nitaikuta." Sikumwona tena. Alifariki tarehe kumi na saba. Walimzika watu waliojifunika mwili mzima, tulisimama barabarani nje ya makaburi, na sikuweza kujua yupi kati yao alikuwa amembeba. Niliuliza kama ameoshwa. Ofisa aliniambia, "Mama, sheria ya sasa ni tofauti." Hakunijibu. Au alinijibu.

Mume wangu, mtoto wa hamamu, ameingia ardhini bila maji.

Barua yako ya Oktoba ilifika akiwa hospitalini. Iko juu ya meza yake, haijafunguliwa. Niifungue, au nikurudishie?

Nimevaa nyeupe.

Zhour

*

Hamamu ya Darb Zeitun,
6 Desemba 2020

Zhour, wifi yangu, mwanangu,

Ichome. Usiifungue. Nilimwandikia mtu mzima mwenye afya, wala sikujua nitasikika na nani.

Nimekaa siku nyingi na karatasi tupu. Nikuambie ambalo sikumwambia yeye, kwa kuwa sasa yuko mahali ambapo analijua.

Moshi haukuwa wa mkate. Kila mjane aliyemaliza eda yake, nilimfungulia mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wakati wa adhuhuri mtaa ukiwa umelala. Niliwasha joko kidogo, chumba kimoja tu. Tuda alisugua, akiwa na barakoa mbili usoni na machozi chini yake. Sikuchukua hata senti kwao. Walikuja nyeupe, wakatoka na rangi. Wengi wao, kama wewe, hawakuwaosha waume zao. Waliniambia: tuoshe sisi, kana kwamba ni wao.

Nilidhani nikimwambia Bennasser ukweli atanizuia, au ataingia ukumbini ana haya usoni, nao wataiona. Kwa hiyo nilimpa neno la uongo, naye akaliapia kwa kaburi la baba yetu. Ndugu yangu alikufa akiwa ameapa uongo wangu. Hilo nalibeba mimi.

Lakiri ingali nzima. Tangu ilipowekwa, nimewarudisha wajane wote mlangoni. Ninafanya hivyo ili kile alichokipigania kisipotee. Rqia amenitemea mate miguuni kwa niaba ya dada yake, naye mjane.

Kula, Zhour. Hata kama ni mkate mkavu.

Yamna

*

Makao ya Mkoa,
8 Machi 2021

Wifi yangu,

Sikuichoma. Nisamehe. Niliisoma, kisha nikaisoma tena, nikitafuta sauti yake ndani ya hasira yako.

Uliuliza kama ni kweli. Ni kweli. Aliiondoa hoja ya wasuguaji. Usiku wa siku ile hakula. Nilimwuliza, akasema, "Nilikuwa na mkono mmoja wa kuokoa, nikamwokoa dada yangu. Laiti angekuwa mgeni, ningejiona mwadilifu." Alikusudia kuirudisha hoja mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa amesharekebisha maneno yake. Karatasi ninayo, naiambatisha hapa.

Na jambo la pili, wifi, hilo lisikilize vizuri. Alijua.

Ulipomwandikia kwamba moshi ni wa mkate, alicheka hadi akakohoa. Akaniambia: "Tanuri la mikate huchoma vichaka, moshi wake ni mweupe, mwepesi, hupaa. Hamamu huchoma makapi ya zeituni, moshi wake ni mweusi, mzito, hulala juu ya mapaa. Mfeddal ameuona mweusi. Mtoto wa joko nisijue?" Nikamwuliza kwa nini basi akuulize. Akasema, "Nilimwomba maneno ya kusema, amenipa. Wajane wakija na rangi zao Siku ya Hesabu, nani atanishtaki?" Kwa hiyo kiapo kile hukumtwisha wewe. Alikibeba kwa hiari yake.

Eda yangu inamalizika Ijumaa, tarehe 26. Kaka zangu wanakuja kunichukua kunirudisha kwetu mashariki, nyumba hii si yangu tena. Jumamosi tutapita Darb Zeitun, nao wamekubali tupumzike hadi alasiri. Najua joko lina lakiri, na najua wakaguzi wanaweza kuja saa yoyote. Sikuombi uivunje, wala usiivunje. Nakuomba chumba chenye mlango, ndoo, na kama Tuda atakubali, mkono wake.

Sitaki kuingia nyumbani kwa mama yangu na nyeupe hii.

Zhour

*

Hamamu ya Darb Zeitun,
23 Machi 2021

Kwa Katibu wa Baraza la Mkoa, na kwa waheshimiwa madiwani wote,

Mimi Yamna bint Assou, mpangaji wa hamamu ya wakfu ya Darb Zeitun, naomba barua hii isomwe ukumbini kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa aliyekuwa na kawaida ya kunisemea humo hayupo tena.

Naliondoa jina la hamamu hii katika ruzuku. Kesho nitaivunja lakiri mliyoweka kwenye joko langu. Sitangoja mkaguzi aikute imevunjwa akajiuliza ni nani. Ni mimi.

Sina malalamiko juu ya kijana aliyekuja kuiweka, wala sikatai kwamba mliupanua mlango. Mliupanua. Lakini mlituita tuingie, mkatutaka kwanza tuonyeshe kwamba tumekuwa maiti kamili. Mmepata mlichotaka: kuba la chumba cha moto limepasuka kwa baridi, kutoka ukingo hadi ukingo, na ruzuku yenu ingefika kulipa kodi ya gofu.

Kuna hoja iliyoondolewa mwezi Septemba, iliyowahusu wasuguaji na wengine ambao biashara yao ni mikono yao tu. Aliyeiondoa aliiandika upya kabla ya kufa. Nimeiambatisha. Wanawake hawa hawakuvunja lakiri yoyote, kwani hakuna aliyewahi kuwaona kuwa na kitu cha kutiwa lakiri. Adhabu ya kesho ni yangu. Msiwapitishie wao.

Si Mfeddal ataniuliza ule moshi atakaouona kesho ni wa nini. Kwa heshima zote, mara hii simpi jibu la mkate.

Yamna bint Assou

*

Hamamu ya Darb Zeitun,
24 Machi 2021

Zhour,

Barua hii naituma kwa dereva wa lori la mboga, ikufikie kabla hujafunga mizigo.

Usije na ndoo.

Nilikwenda kwenye ngazi za soko. Tuda aliponiona alipanga nanaa yake, akaipangua. Nikamwambia ni mke wa Bennasser. "Yule aliyetuuza?" Nikasema yule yule. Nikamsomea ulichoniandikia. Akakusanya nanaa yake yote kapuni. Kisha akasema, "Mgongo wake nilikuwa wa kwanza kuusugua. Kuuosha mara ya mwisho wamenidhulumu. Basi nitauoshea kwa mkewe." Glavu yake imo ndani ya maji tangu asubuhi. Rqia ameleta dada yake, na huyo dada ameleta wenzake. Wataingia baada yako.

Nyufa za kuba zinavuja mvuke, lakini mafundi wanasema litahimili moto wa siku chache. Halitakiwi kuhimili zaidi. Jumatatu nitamkabidhi mwakilishi wa wakfu funguo, naye atazikuta zina joto.

Ukifika kwenye kona ya kisima, waambie kaka zako wasimamishe gari, utazame juu ya mapaa. Utauona mweusi, mzito, umelala. Mtu yeyote akikuuliza ni wa nini, mwambie.

Wifi yako,
Yamna